Ulimi hufundishika: kwa mtu mzima anayechagua sana chakula

Watu wazima wanaokuja kuzungumza nasi kuhusu lishe mara nyingi huanza kwa kujitetea. Hawali mboga za majani, samaki hawamgusi, matunda wanayoyaweza ni mawili au matatu tu, na kabla hatujauliza lolote wanaongeza kwamba wanajua ni aibu kwa umri wao. Wengi walikua wakiitwa wadekaji. Kwa sisi tunaofanya kazi ya lishe, neno hilo halisaidii chochote. Mtu anayechagua sana chakula ana sababu, na sababu hizo zikieleweka, kazi ya kujifunza kula vizuri huwa nyepesi kuliko anavyodhani.

Sababu ya kwanza iko kwenye ulimi wenyewe. Mwaka 1931, mkemia wa kampuni ya DuPont aitwaye Arthur Fox alikuwa akishughulika na unga wa kemikali iitwayo PTC maabarani, vumbi lake likaruka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba lina uchungu mkali. Fox hakusikia uchungu wowote. Tangu hapo wanasayansi wamethibitisha kwamba tofauti hiyo hurithiwa, na sehemu kubwa yake inatokana na jeni moja, TAS2R38, inayotengeneza kipokezi cha uchungu ulimini. Kabichi, brokoli na jamii yake zina viambato vinavyogusa kipokezi hichohicho cha uchungu. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuketi meza moja, wakala kabichi ya sufuria moja, na mmoja akasikia utamu kidogo huku mwingine akisikia dawa. Hakuna anayesema uongo.

Sababu ya pili ni woga wa chakula kigeni. Huu huwa mkali zaidi kati ya miaka 2 na 6, umri ambao mtoto ameanza kuzunguka peke yake na anaweza kutia mdomoni chochote anachokiokota. Woga huo ni kinga. Wengi hupungukiwa nao wakikua. Wengine hubaki nao, hasa ikiwa kila mlo wa utotoni ulikuwa vita. Mtu aliyewahi kukabwa na kipande cha nyama, au aliyetapika usiku kucha baada ya kula kitu fulani, naye anaweza kukikataa chakula hicho kwa miaka mingi.

Hata hivyo, maumbile hayafungi mlango. Fikiria kahawa. Ni chungu, na karibu kila anayeipenda leo alikunja uso siku ya kwanza. Pilipili huwasha kwelikweli, na bado mamilioni ya watu hawaoni chakula kimekamilika bila hiyo. Hakuna aliyebadilishiwa ulimi. Waliionja tena na tena, katika mazingira waliyoyapenda, mpaka mwili ukazoea kwamba hapa hakuna hatari.

Mtaalamu wa saikolojia Leann Birch wa Marekani alilichunguza jambo hili kwa watoto kuanzia miaka ya 1980. Yeye na wenzake waliona kwamba kadiri mtoto anavyokionja chakula kipya mara nyingi, ndivyo anavyokipenda zaidi, na kwamba kukitazama tu hakutoshi: lazima kifike ulimini. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba chakula kigeni kwa kawaida huhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla ya kukubalika. Ukilinganisha na hali ya nyumbani, ambako chakula huandikiwa hukumu baada ya mara mbili au tatu, utaona kwa nini watu wengi wanaamini hawawezi kubadilika. Waliacha mapema mno.

Kuonja ninakokusema ni kidogo sana. Kipande cha ukubwa wa punje ya njegere kinatosha. Kiweke pembeni ya sahani yenye chakula unachokipenda, ukiwa na njaa ya kawaida, usisubiri mpaka tumbo limekuchachamaa na hasira zimekupanda. Kitafune, kisikilize, na ukishindwa kukimeza kiteme kwenye karatasi bila kuomba radhi kwa mtu. Rudia mara mbili au tatu kwa wiki, chakula kimoja kwa wakati mmoja. Usijiulize kila siku kama sasa umekipenda. Mabadiliko huja kwa ngazi: kwanza kichefuchefu kinapungua, halafu unaweza kuvumilia, halafu unafika mahali ambapo chakula hicho hakikusumbui wala hakikufurahishi. Hapo kwenye "hakina neno" ndipo wengi huvunjika moyo, ilhali ndipo kazi kubwa imekwisha. Chakula ambacho hakina neno unaweza kukila, na ukikila mara kwa mara kina nafasi ya kuwa kitamu.

Kabla ya kuanza, jiulize swali moja: unachokichukia ni ladha, harufu, au namna chakula kinavyokaa mdomoni? Wachaguzi wengi hujibu "ladha" kwa mazoea, lakini wakiulizwa zaidi inaonekana tatizo ni utelezi, ulaini, nyuzi, au vitu viwili tofauti kukutana kwenye tonge moja.

Chukua nyanya. Kuna watu wengi wanaokula mchuzi wa nyanya kila wiki bila shida, lakini kipande cha nyanya mbichi kinawatoa machozi. Ukiikata nyanya katikati utaona kwa nini. Kuna ngozi inayotafunika kama karatasi, nyama yenye chembechembe, na katikati kuna utelezi unaozunguka mbegu, baridi na wenye kuteleza kabla meno hayajaukamata. Ndani ya tonge moja mdomo unapambana na vitu vitatu. Mtu huyu hana ugomvi na ladha ya nyanya. Akiondoa mbegu na utelezi kwa kijiko, akaikata nyama yake vipande vidogo sana na kuinyunyizia chumvi kidogo na ndimu, mara nyingi anaweza kuanza hapo. Mwingine ataanza na nyanya iliyookwa mpaka ikakauka kidogo. Maarifa yanayotumika ni yaleyale: ondoa kinachokera, bakiza chakula.

Harufu nayo ina hila zake. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hutokana na harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani, ndiyo maana chakula hupooza ukiwa na mafua. Chakula cha moto hutoa harufu kali zaidi kuliko kilichopoa. Anayechukizwa na harufu ya samaki au mayai ajaribu kuvila vikiwa vimepoa baada ya kupikwa, na asikae jikoni wakati vinapikwa.

Nikitakiwa kutoa ushauri mmoja tu kwa mlaji mchaguzi, ningemwambia abadilishe upishi kabla ya kubadilisha chakula. Ninaamini mboga nyingi zimechukiwa kwa makosa ya sufuria. Kabichi na koliflawa zikichemshwa muda mrefu hutoa gesi zenye salfa, ile harufu nzito inayojaza nyumba, na zinalegea mpaka hazina cha kutafuna. Koliflawa hiyohiyo ikikatwa vipande vidogo, ikapakwa mafuta na kuokwa kwenye oveni yenye nyuzi 200 mpaka kingo zigeuke kahawia, huwa kitu kingine. Maji yanapungua, utamu unajikusanya, kingo zinakuwa kavu na za kutafunika, na harufu inakuwa ya kitu kilichokaangwa. Asiye na oveni anaweza kuikaanga kwenye kikaango kipana, moto mkali, bila kuirundika, kwa sababu vipande vikirundikana vinajichemsha kwa maji yao wenyewe.

Chumvi ina kazi nyingine wengi hawaijui. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha kwamba chumvi huzima uchungu, na uchungu ukizimwa ladha nyingine zilizofunikwa hujitokeza. Chembe chache kwenye mboga chungu zinaweza kusaidia kuliko kijiko cha sukari. Ninasema chembe chache kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na vyakula vya kiwandani huwa tayari vimekula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Mafuta kidogo pia husaidia mara mbili: hulainisha ukali wa mboga, na husaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye karoti, maboga na mboga za kijani.

Njia nyingine inayofanya kazi vizuri ni kutoka kwenye chakula unachokipenda kwenda kwa jirani yake, hatua fupi fupi. Tuseme mtu anakula viazi vya kukaanga na hakuna mboga nyingine. Hatumwanzishii saladi. Tunaanza na viazi vilevile, umbo lilelile, lakini vimeokwa. Vikizoeleka, vinachanganywa na vijiti vichache vya viazi vitamu. Baadaye vijiti vya karoti vinaingia kwenye trei hiyohiyo, vimekatwa unene uleule, vimepakwa viungo vilevile, na pembeni kipo kitu anachokipenda cha kuchovya. Karoti ikishakubalika kwa umbo hilo, inaweza kukatwa miviringo, ikaingia kwenye mchuzi, na mwishowe kuliwa mbichi. Kila hatua inabadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha umbo, rangi na ladha kwa siku moja, umemrudisha mtu mwanzo.

Naulizwa sana kuhusu kusaga mboga na kuzificha ndani ya mchuzi. Kwa virutubishi haina ubaya, na ukijifichia mwenyewe, fanya tu. Lakini ulimi haujifunzi kitu usichokitambua, kwa hiyo usiache kuonja mboga hiyo kwa sura yake. Kumfichia mtu mwingine ni jambo tofauti. Siku akigundua, ataanza kuushuku hata ule mchuzi aliokuwa akiupenda, na orodha yake fupi itakuwa fupi zaidi.

Ninyi mnaoishi na mlaji mchaguzi, awe mwenzi wa ndoa au mtoto, mna sehemu yenu, nayo ni kunyamaza. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Birch akiwa mmoja wao, waliwapa watoto supu kwa namna mbili: wakati fulani waliwahimiza wamalize supu yao, wakati mwingine waliwaacha. Walipohimizwa walikula supu pungufu kuliko walipoachwa, na waliisema vibaya zaidi. Zawadi nazo zinadanganya. Ukisema "kula mboga kwanza ndipo upate keki," umemfundisha mtu kwamba mboga ni adhabu na keki ndiyo malipo. Wekeni chakula mezani, kuleni wenyewe kwa raha, na msihesabu matonge ya mtu. Mtu mzima anayetazamwa usoni kila anapoinua uma huwa hali chakula, anafanya mtihani.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 10, sawa na mafungu matano ya gramu 80. Usianze na namba hiyo. Anayekula fungu moja leo, akafika mawili baada ya miezi kadhaa, yuko njiani. Wala huhitaji kupenda mboga zote zilizoumbwa. Ninamfurahia zaidi mtu mwenye mboga nne anazozila maisha yake yote kuliko yule anayelazimisha kumi kwa mwezi mmoja kisha akaziacha zote. Wakati bado unajifunza, tumia vizuri ulichonacho: kama nyama huiwezi lakini unakula maharage au dengu, kula pamoja na chungwa au tunda lingine lenye vitamini C, kwa sababu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea.

Kupunguza chumvi nako kunahitaji subira ya aina hii. Wiki za mwanzo kila kitu huonekana hakina ladha. Baada ya miezi miwili au mitatu ulimi hujipanga upya, na chakula cha zamani huanza kuonekana kina chumvi kupita kiasi.

Ipo hali ambayo ushauri huu hautoshi. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliutambua rasmi ugonjwa unaoitwa kwa kifupi ARFID, ambapo mtu huepuka chakula kwa kiwango cha kudhuru afya yake, wala si kwa sababu anataka kupungua unene. Ukiona uzito unashuka bila kukusudia, unachoka na kupauka, vyakula unavyoviweza vinazidi kupungua badala ya kuongezeka, unaogopa kukabwa kila unapomeza, au unakwepa harusi, safari na kazi kwa sababu ya chakula, muone daktari au mtaalamu wa lishe. Mzazi wa mtoto aliyeacha kukua inavyotakiwa asisubiri pia. Wakati mwingine kuna tatizo la mwili nyuma ya pazia: kufunga choo kwa muda mrefu huua hamu ya kula, meno mabovu hufanya kutafuna kuwa mateso, na upungufu wa madini ya zinki hupunguza uwezo wa kuonja.

Ukienda, nenda na orodha ya kila unachokula, hata kama ni vitu sita, na uandike kinapikwaje na unakipenda kikiwa cha moto au kimepoa. Usiandike usivyovila, hiyo orodha haitusaidii sana. Tunaanzia kwenye vile unavyovipenda, kwa sababu humo ndimo tutakapochagua chakula cha kwanza cha kukisogeza hatua moja.