Namna filamu za makala zinavyosimulia Vita vya Vietnam

Filamu ya makala kuhusu vita inapozua mabishano, kwa kawaida maneno ya msimulizi ndiyo hupimwa kwanza. Mwaka 2017, mfululizo wa sehemu 10 wa watayarishaji filamu wa Marekani Ken Burns na Lynn Novick kuhusu Vita vya Vietnam, wenye urefu wa takriban saa 18, ulikosolewa vikali kwa sababu msimulizi alisema mwanzoni kwamba vita hivyo vilianzishwa kwa nia njema na watu waungwana. Ukosoaji huo ulikuwa na msingi. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa nyaraka na picha za kihistoria tunaona kwamba sehemu kubwa ya hukumu huwa imekwisha kupitishwa mahali ambapo mtazamaji hasikii neno lolote: katika tarehe ya kuanzia, katika picha zilizopatikana na katika chumba cha uhariri.

Filamu inayofungua kwa askari wa Marekani wakishuka ufukweni Da Nang, mji wa Vietnam Kusini, tarehe 8 Machi 1965 huwa habari ya vijana waliotumwa ugenini. Ikianzia Agosti 1964 katika Ghuba ya Tonkin, huwa habari ya serikali iliyolipotosha Bunge lake, kwa kuwa shambulio la Vietnam Kaskazini dhidi ya meli za Marekani lililodaiwa kufanyika tarehe 4 mwezi huo, ambalo lilimsaidia Rais Johnson kupata idhini ya kutumia nguvu siku 3 baadaye, halikutokea. Ikirudi nyuma hadi tarehe 2 Septemba 1945, kiongozi wa kikomunisti Ho Chi Minh alipotangaza uhuru wa Vietnam mjini Hanoi, na kupita katika uchaguzi wa kuiunganisha nchi uliopangwa na makubaliano ya Geneva ya 1954, yaliyomaliza vita vya Ufaransa, ufanyike mwaka 1956 lakini haukufanyika, Marekani huonekana kuwa imerithi vita vya ukoloni vya Ufaransa. Filamu zote 3 zinaweza kuwa hazina hata sentensi moja ya uongo, na bado zikamwacha mtazamaji na majibu yasiyopatana kuhusu nani aliyeanza.

Picha zina tatizo zito zaidi, kwa sababu hapa mtayarishaji hana uhuru kamili wa kuchagua. Wanahabari waliofuatana na majeshi ya Marekani walisafirishwa kwa helikopta za jeshi, na hawakulazimika kupitisha habari zao kwa mkaguzi rasmi kabla ya kuzichapisha. Matokeo yake ni kwamba mikanda mingi iliyobaki inauona uwanja wa vita kutoka upande wa askari wa Marekani. Wapiga picha wa Vietnam Kaskazini, iliyopigana na Marekani na kushinda, walikuwepo, lakini vifaa vyao vilikuwa haba na kazi yao ilitakiwa kuhamasisha wananchi. Marekani ilipoteza askari zaidi ya 58,000, ilhali serikali ya Vietnam ilikadiria mwaka 1995 kwamba raia waliokufa walikuwa karibu milioni 2, mbali na wapiganaji wapatao milioni 1.1 wa upande wake. Mtayarishaji anayegawa muda kwa kufuata wingi wa mikanda atawapa waliokufa wachache nafasi kubwa kuliko waliokufa wengi, hata kama hakukusudia.

Mauaji ya wanakijiji wa My Lai yaliyofanywa na askari wa Marekani tarehe 16 Machi 1968 yanaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Tunayaona leo kwa sababu mpiga picha wa jeshi, Ronald Haeberle, alikuwa na kamera yake binafsi pamoja na ile ya kazi, na picha za kamera hiyo binafsi zikachapishwa katika gazeti la Cleveland mnamo Novemba 1969. Kijiji ambacho hakikuwa na kamera siku ya maafa yake hubaki na ushuhuda wa mdomo tu, na ushuhuda wa mdomo hukatwa kirahisi pale filamu inapozidi urefu.

Uhariri umewahi kufikishwa mahakamani. Mnamo Januari 1982, kituo cha televisheni cha Marekani, CBS, kilirusha filamu iliyodai kwamba makao makuu ya Jenerali William Westmoreland, aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Marekani nchini Vietnam, yalipunguza kwa makusudi idadi ya wapiganaji wa adui kabla ya mashambulizi ya Tet, yaani mashambulizi makubwa ya adui huyo katika miji ya Vietnam Kusini mwaka 1968. Westmoreland aliishtaki CBS kwa kumkashifu na kudai fidia ya dola milioni 120, kisha akaiondoa kesi mnamo Februari 1985 bila kulipwa. Kwa maoni yangu, kilicho na faida zaidi kwa mtazamaji ni uchunguzi wa ndani wa CBS yenyewe, ambao ulikuta kwamba majibu ya maswali tofauti yaliunganishwa yakaonekana kuwa jibu moja, kwamba mashahidi waliounga mkono hoja ya filamu walihojiwa kwa upole, na kwamba njama iliyotajwa haikuthibitishwa. Suala la msingi kuhusu takwimu za adui lilikuwa la kweli na lilistahili kuchunguzwa. Ila mbinu hizo ziliwapa wapinzani silaha.

Jenerali huyo huyo alikuwa amekwisha kuonekana katika filamu ya 1974 iliyopata tuzo ya Oscar, akisema kwamba watu wa Mashariki hawauthamini uhai kama wa Magharibi, na kauli yake ikawekwa sambamba na mazishi ya askari wa Vietnam Kusini ambako mtoto analia. Maneno ni yake, na mazishi ni ya kweli. Mkato kati ya mandhari hizo mbili ni wa mhariri, na ndio unaoshtaki.

Sauti nayo ihesabiwe: mikanda mingi ya jeshi haikurekodiwa na sauti, kwa hiyo milio ya risasi unayoisikia mara nyingi imeongezwa studioni.

Inabaki tarehe ya kumalizia. Filamu nyingi hufunga na helikopta zilizowaondoa watu Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, Aprili 1975, ikiwemo ile picha maarufu ya watu wakipanda ngazi juu ya paa, ambayo hutajwa mara kwa mara kuwa ya ubalozi wa Marekani ingawa ilipigwa kwenye jengo jingine la makazi. Mwisho huo unaiacha nje Laos, nchi jirani, iliyodondoshewa na Marekani zaidi ya tani milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973, na ambako mabomu madogo yasiyolipuka wakati ule yameendelea kuua wakulima kwa miongo kadhaa baada ya helikopta ya mwisho kuondoka Saigon.