Ramu ya nanasi haipikwi kwa nanasi

"Hii wanaipika kwa nanasi tupu, ndiyo maana tamu hivi." Maneno haya nimeyasikia mno kwenye kaunta za hoteli za pwani, yakisemwa na wahudumu wazuri kabisa kwa mgeni aliyeuliza kwa nia ya kujua. Chupa za namna hii zinazidi kuongezeka, hasa zile za viwanda vidogo vya visiwa jirani zetu, na waliozitengeneza wametumia ujuzi mwingi. Wanastahili kuelezwa vizuri.

Maana kwanza, kwa haraka. Ramu ni pombe kali inayotokana na muwa: ama maji ya miwa yenyewe, ama molasi inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Huchachushwa kwa hamira, kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa hadi urudi kuwa majimaji. Ramu ya matunda ni ramu hiyo hiyo iliyoongezwa ladha ya tunda. Kilevi kimetoka kwenye muwa, tunda limekuja baadaye.

Hapo kwenye "baadaye" ndipo watu wanapopotea, na sishangai. Tukisema pombe ya ndizi au mvinyo wa zabibu, tunataja kile kilichochachuka. Tukisema ramu ya nanasi, tunataja ladha tu. Ukichukua nanasi lenyewe ukalichachusha na kulikeneka, utapata pombe kali, pengine nzuri sana, lakini haitakuwa ramu hata ukiiandika hivyo kwa wino wa dhahabu. Hiyo ni ndugu wa brandi, pombe kali inayokenekwa kutoka kwenye zabibu au matunda mengine. Waganda wamekeneka pombe ya ndizi miaka mingi wakapata waragi, na hakuna anayeiita ramu ya ndizi.

Ramu ya nazi inaonyesha jambo hili wazi zaidi. Hamira inakula sukari, na nyama ya nazi ina mafuta mengi na sukari kidogo mno. Muulize mgema yeyote wa Tanga au Kilifi: tembo, yaani pombe ya mnazi, hatoki kwenye nazi, anatoka kwenye utomvu unaogemwa karara inapokatwa, nazi haijazaliwa bado. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa nazi, yenye harufu ya nazi, kilevi chake hakikutoka kwenye nazi. Ladha imetiwa, ama kwa kuloweka nazi yenyewe, ama kwa arki, yaani maji ya harufu na ladha yaliyokolezwa.

Twende ndani ya mtambo, kwa sababu jibu lote liko humo. Kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi, maji kwenye 100. Ukichemsha pombe ya muwa, kilevi kinatangulia kupanda na mvuke, kikibeba harufu zilizo nyepesi. Sukari haipandi. Haigeuki mvuke hata ukoleze moto namna gani. Inabaki chini, na ukizidisha inaungua. Rangi nayo inabaki chini. Ndiyo maana ramu inayodondoka kutoka kwenye bomba ni nyeupe kama maji na haina chembe ya sukari, iwe imetoka kiwanda kikubwa cha Karibi au mtambo mdogo wa shaba wa kisiwani. Rangi ya kahawia inakuja baadaye, kutoka kwenye pipa la mbao au kwenye sukari iliyounguzwa. Basi ukionja ramu ya nanasi ikakulamba ulimi kwa utamu, utamu huo umetiwa baada ya mtambo. Hakuna njia nyingine.

Tunda linaweza kuingia mtamboni, ndiyo, ila kwa kazi nyingine. Kuna ramu ya nanasi ya kampuni ya Planteray, ambayo hadi 2024 iliitwa Plantation, iliyobuniwa na Alexandre Gabriel pamoja na mwanahistoria wa vinywaji David Wondrich. Maganda ya nanasi yanalowekwa kwenye ramu nyeupe, kisha ramu hiyo inakenekwa tena pamoja na harufu yake. Nyama ya nanasi inalowekwa kwenye ramu nyeusi, halafu vyote viwili vinachanganywa. Ina kilevi asilimia 40. Hata hapo nanasi limetoa harufu na ladha. Kilevi bado ni cha muwa.

Karibu na kwetu, mfano ninaoupenda ni Takamaka ya Shelisheli. Ndugu wa ukoo wa d'Offay walianzisha kiwanda chao cha Trois Frères mwaka 2002, na leo kipo La Plaine St André, shamba la kale katika kisiwa cha Mahé. Takamaka ni mti, na watu wa pwani wanaujua: ni mtondoo wetu huu huu unaoinamia bahari. Ramu yao nyeupe ina asilimia 38. Wana chupa ya nazi, Koko, na ya nanasi, Zannannan, kila moja asilimia 25. Tazama tofauti hiyo ya 38 na 25, kwa sababu inasema mengi kuliko picha ya tunda kwenye lebo.

Umoja wa Ulaya una sheria yake: kinachouzwa kwa jina la ramu peke yake lazima kifikie asilimia 37.5, na hakiruhusiwi kutiwa ladha. Kule Marekani ramu ni angalau asilimia 40, na iliyotiwa ladha inaweza kushuka hadi 30 mradi lebo iitaje ladha hiyo. Chini ya hapo tunaingia kwenye kundi la pombe kali zilizotiwa sukari na ladha, zile ambazo lebo huziandika liqueur. Kule Ulaya, nyingi kati ya hizo zinatakiwa ziwe na angalau gramu 100 za sukari kwa lita. Malibu ya nazi, ambayo karibu kila baa ya watalii inayo na karibu kila mtu anaiita ramu, iko chini ya 30 kwa mbali. Hakuna aibu kuwa katika kundi hilo. Ni kundi lenye kazi nzuri ndani yake, na Zannannan ikiwa baridi inapendeza kweli. Ila si kitu kimoja.

Wala si kitu kimoja na kile wanachofanya watu wa Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Kule wanachukua ramu nyeupe, mara nyingi ile ya huko iitwayo Charrette, ya asilimia 49, wanaimimina kwenye mtungi wa kioo wenye vipande vya nanasi au letchi, kijiti cha vanila kilichopasuliwa katikati na gome la mdalasini, na wanauacha miezi. Wanaiita rhum arrangé. Ukali wa ramu una sababu: nanasi kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayo yanatoka polepole na kuingia kwenye ramu huku ramu ikiingia kwenye tunda. Ukianza na kilevi dhaifu, tunda linaweza kuharibika humo ndani. Ukila kipande cha nanasi kilichokaa humo miezi mitatu utajua kilevi kilikwenda wapi.

Kosa lina madhara yake pia. Mteja akiambiwa ni nanasi tupu, anakunywa kama juisi. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 25 ina mililita 175 za kilevi halisi, sawa na bia saba za nusu lita zenye asilimia 5. Utamu unaficha hesabu hiyo, na asiyezoea kunywa ndiye anayeumia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kaunta, mgeni akiuliza, mwambie hivi: ni ramu ya muwa, imetiwa ladha ya nanasi na sukari, kilevi chake ni asilimia 25. Ukisema "ramu ya nanasi" kwa kifupi, sawa, wote tunasema hivyo. Akiuliza inapikwa kwa kitu gani, mjibu muwa.