Mswada wa polisi ukifika bungeni: kupigwa msasa ni kufanywa nini hasa

Kila mara ukiskia hapa Kenya mswada wa kugusa polisi, magereza ama korti umefika bungeni, watu wengi wanangoja ile siku ya kelele, wabunge warushiane maneno, kura ipigwe, basi wameridhika wamefuatilia. Lakini kazi yenyewe haiko hapo. Iko kwenye kamati, ambapo wabunge wachache wanakaa na mswada wanausoma kifungu baada ya kifungu na wanauliza wenye kuuleta: hii nguvu mnampa nani, ataitumia wakati gani, na akiitumia vibaya atajibu kwa nani.

Hayo maswali matatu ndio msasa wenyewe. Bunge linachunguza kama sheria inayompa mtu wa serikali ruhusa ya kushika, kupekua, kufunga au kutumia nguvu imewekewa mipaka, kama inaenda sambamba na katiba, kama kuna bajeti ya kuitekeleza, na halafu (hii watu husahau) linaendelea kuchunguza hata baada ya rais kuweka sahihi.

Mbona nasema sheria hizi zisomwe polepole kuliko zingine? Manake sheria ya ushuru ikiandikwa vibaya inakutoa pesa mfukoni, hii ya polisi ikiandikwa vibaya inakulaza seli. Katiba yetu ya 2010 iliona hilo. Ibara ya 49 inasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama hizo saa zimeishia wikendi. Ibara ya 25 imeweka mambo ambayo hakuna sheria inaweza kuyapunguza hata kidogo, kati yao kutoteswa na kupata kesi ya haki. Na Ibara ya 24 inataka sheria yoyote inayobana haki iseme wazi kwamba inabana, ni haki gani, na kwa kiasi gani. Kwa hivyo mbunge akikuta kifungu kinabana haki kimyakimya, bila kuitaja, hapo tu tayari ana sababu ya kusimama.

Njia ya mswada ni hii. Unasomwa mara ya kwanza, ambayo kwa kweli ni kutajwa tu, kisha unapelekwa kwa kamati husika. Mambo ya polisi kwa kawaida yanaenda Kamati ya Utawala na Usalama wa Ndani, ya korti na mashtaka yanaenda Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria. Kanuni za Bunge la Taifa zinaipa kamati siku 20 kuleta ripoti. Ndani ya hizo siku lazima wananchi waulizwe maoni kwa sababu Ibara ya 118 inalazimisha, ndio unaona tangazo gazetini na kwa tovuti ya Bunge. Kamati pia ina meno: Ibara ya 125 inaipa nguvu kama za Mahakama Kuu za kuita shahidi na kudai karatasi, kwa hivyo waziri au Inspekta Jenerali wa Polisi akiitwa, si mwaliko wa chai huo. Baada ya hapo mswada unasomwa mara ya pili, unaingia Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, ambako marekebisho yanapigiwa kura moja moja, unasomwa mara ya tatu, na ukimaliza safari yote ya Bunge rais ana siku 14 za kusaini au kurudisha.

Sasa tuone kifungu kimoja kwa karibu. Mwaka 2025 ulikuja mswada wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma, uliotaka kuzuia mikutano na maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, korti na maeneo mengine yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi maalum. Ukisoma haraka unaona ni jambo dogo, mita 100 ni nini? Lakini fikiria katikati ya Nairobi, chora hiyo duara kuzunguka Bunge, chora nyingine kuzunguka kila korti, halafu ongeza hayo maeneo ya ulinzi, uone barabara zinazobaki. Halafu nenda Ibara ya 37 inayompa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana bila silaha na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, sasa huyo mwenye malalamiko yake kwa Bunge atayafikishaje na umati wake akiwa amesimamishwa mbali hivyo? Na nani anapima mita pale barabarani, si ni yule yule afisa aliye na rungu. Hivyo ndivyo kamati inafaa kusoma, si kuuliza tu kama nia ni nzuri, kwa sababu nia haiandikwi kwenye sheria, kinachoandikwa ni maneno na maneno ndio afisa atatumia.

Haraka nayo ina bei yake. Desemba 2014 nchi ilikuwa na uchungu wa mashambulizi ya kigaidi, ukaletwa mswada mmoja wa usalama uliobadilisha sheria nyingi kwa mpigo, za jinai, za wakimbizi, za polisi, za ujasusi. Ulipita katika kikao cha vurugu, ukasainiwa tarehe 19 mwezi huo huo. Februari 2015 Mahakama Kuu, majaji watano, ikafuta vifungu 8. Kimoja kiliwekea wakimbizi kikomo cha watu 150,000 nchi nzima, kingine kiliruhusu upande wa mashtaka kumficha mshtakiwa ushahidi hadi kesi iwe karibu kuanza. Sisemi hofu ya wakati ule haikuwa ya kweli, ilikuwa ya kweli kabisa watu walikuwa wamekufa, lakini hivyo vifungu viwili kamati yenye muda wa kutosha ingeviona, havikuhitaji kungoja majaji.

Upande wa huduma za dharura mambo yanabadilika kidogo. Zimamoto na ambulensi ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la katiba, hivyo mswada unaozigusa ni lazima upite pia Seneti, ile nyumba ya pili ya Bunge inayowakilisha kaunti, na swali kubwa pale huwa ni pesa: nani atanunua magari, nani atalipa mishahara. Ibara ya 43 tayari inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, lakini haki hiyo bila ambulensi yenye mafuta haimfikii mgonjwa.

Kuna pia dharura ya aina ile nyingine. Hali ya hatari ikitangazwa inadumu siku 14 tu, kuongeza ni lazima thuluthi mbili ya wabunge wote wakubali baada ya mjadala wa wazi, na ikitakiwa kuongezwa tena ni robo tatu. Jeshi kutumwa kutuliza ghasia ndani ya nchi linahitaji idhini ya Bunge la Taifa, na Juni 2024 tuliona jeshi likitangazwa kwenye gazeti rasmi tarehe 25 na Bunge likiidhinisha tarehe 26. Siku moja. Kwa uamuzi wa uzito huo mimi naona ni muda mfupi mno wa kuuliza watakaa wapi, hadi lini, na chini ya amri ya nani.

Baada ya sheria kupita kuna kanuni za kuitekeleza ambazo waziri anaziandika, na hapa ndipo mambo mengi hupenya. Sheria ya 2013 ya kanuni hizo inataka ziwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu zichapishwe, zisipowasilishwa zinakoma kuwa na nguvu. IPOA nayo, ile mamlaka huru ya kuangalia polisi, inatakiwa kutoa ripoti kila miezi 6 na ripoti hiyo ifike bungeni. Ripoti hizo zipo, mtu anaweza kuzisoma.

Ukitaka maoni yako yasikike wakati kamati inakusanya, usiandike tu "tunakataa mswada huu", hiyo watahesabu na kuweka kando. Taja namba ya kifungu, sema kinagusa ibara gani ya katiba, eleza kwa sentensi mbili mtu wa kawaida ataumia vipi, kisha andika maneno unayotaka yawekwe badala yake. Peleka kwa karani wa Bunge kabla ya siku iliyotangazwa, kwa mkono au kwa barua pepe, ubaki na nakala. Ripoti ya kamati ikitoka ifungue uangalie pale wanapoorodhesha maoni waliyopokea, yako yamejibiwa nini na kwa sababu gani, manake wakiyakataa wanafaa kueleza.