Shajar al-Durr kabla ya mitalawanda

Kila mwaka nikifika kwenye Misri ya karne ya 13, nikimtaja tu Malkia Shajar al-Durr, hakosi mwanafunzi wa kudakia: "Si yule aliyepigwa mitalawanda hadi akafa?" Ndiye. Kwa wasiokulia pwani, mitalawanda ni vile viatu vya mbao vya kuingilia msalani. Mwaka 1257 mumewe, Sultani Aybak, aliuawa hamamuni ndani ya ngome ya Kairo. Siku chache baadaye naye Shajar al-Durr akauawa, maiti yake ikatupwa nje ya ngome. Hayo hayana ubishi. Vijakazi wa mke mwenziwe na mitalawanda yao nao wamo katika vitabu vya historia vya Waarabu, ila waandishi wa baadaye wamewatia chumvi nyingi. Na kile kitamu cha maziwa na lozi kiitwacho Umm Ali, eti kilipikwa na mke mwenza kusherehekea kifo chake, hicho ni kisa cha vijiweni.

Linaloniuma ni kwamba kifo hiki kimemeza kazi yake. Mwezi Juni 1249 Louis IX wa Ufaransa alitua Damietta, bandari ya Misri, na jeshi la msalaba, akauteka mji. Mwezi Novemba Sultani al-Salih Ayyub, mumewe wa kabla ya Aybak, akafariki katika mji wa Mansura, adui yuko mlangoni, na mwanawe na mrithi wake Turanshah yuko mbali, Hisn Kayfa, kandokando ya mto Tigris. Shajar al-Durr akawaita watu wawili tu: amiri wa jeshi Fakhr al-Din na towashi mkuu Muhsin. Wakakubaliana kuficha msiba. Maiti ikasafirishwa kwa siri hadi ngome ya kisiwa cha Rawda. Amri ziliendelea kutoka zikiwa na saini ya sultani. Wapo wasemao mtumishi mmoja aliiga mwandiko wake, na wapo wasemao marehemu aliacha karatasi alizokwisha kuzitia saini.

Mashabiki wake hupenda kuongeza kuwa ndiye aliyeongoza vita vya Mansura. Hapana. Fakhr al-Din aliuawa siku ile ile ya shambulio, tarehe 8 Februari 1250, na waliogeuza vita ndani ya vichochoro vya mji ni Mamluki wa Bahri, kikosi cha askari wa asili ya utumwa wa al-Salih. Hata siri yenyewe haikukaa muda mrefu: uvumi ulienea, na Wafaransa wakaupata. Kazi yake ilikuwa nyingine, na kwangu mimi ni kubwa zaidi: shughuli za dola hazikukwama hata siku moja mpaka Turanshah alipofika. Mwezi Aprili Louis akatekwa. Tarehe 2 Mei Mamluki wakamuua Turanshah, kisha wakamtawaza mjane wa baba yake.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ushahidi tunao mkononi. Ipo dinari yake katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, iliyopigwa Kairo mwaka 648 wa Hijria. Haina jina la Shajar al-Durr. Inamwita al-Musta'simiyya, yaani wa Khalifa al-Musta'sim wa Baghdad. Al-Salihiyya, wa al-Salih. Malkia wa Waislamu. Na mama wa al-Malik al-Mansur Khalil. Nyaraka zake pia alizitia saini "Mama Khalil". Sisi tunaoitana Mama Juma na Mama Asha tunaweza kudhani ni heshima ya kawaida. Lakini Khalil alikufa mchanga, miaka mingi nyuma. Mama yake alikuwa mjakazi, wengi wakisema Mturuki, asiye na ukoo Misri. Msomaji wa Zanzibar anaujua uzito wa suria aliyezaa, kwa kuwa Sayyid Barghash mwenyewe alikuwa mwana wa suria. Kwa jina la mtoto aliye kaburini, mwanamke huyu alijifunga na nasaba ya Ayyub, ukoo uliotawala Misri, akatajwa hivyo kwenye khutba za Ijumaa.

Katika utawala wake huo Damietta ilirudi, na Louis akaachiwa baada ya kulipa nusu ya fidia ya bezanti (sarafu za dhahabu) 800,000. Masharti ya fidia yalikuwa yameanza kujadiliwa enzi za Turanshah, kwa hiyo nisimpe sifa yote.

Baada ya siku kama 80 alijiuzulu, akaolewa na Aybak. Watu hutaja barua ya Khalifa: kama wanaume wamekwisha huko, semeni tuwaletee mmoja. Inasimuliwa na waandishi wa baadaye, nami siijengei hoja. Sababu iliyo wazi ni Shamu (Syria): maamiri wa Damascus walikataa kumtii, na mwezi Julai mji ukaenda kwa al-Nasir Yusuf wa Aleppo. Wala hakuwa Mwislamu wa kwanza wa kike kutawala. Razia alikalia kiti cha Delhi kuanzia 1236 hadi 1240, na Arwa wa Yemen alifariki mwaka 1138 baada ya kutawala miongo kadhaa.

Kaburi lake alilijenga mwenyewe, karibu na msikiti wa Sayyida Nafisa. Shajar al-Durr maana yake mti wa lulu, na ndani ya mihrabu ya kaburi hilo, kwa vipande vya kioo vya rangi, umechorwa mti ambao matunda yake ni lulumizi.