Stelingi anayevaa kila uhusika: maana yake katika Hollywood ya zamani

Stelingi anayevaa kila uhusika ni mwigizaji anayeweza kubeba filamu nzima mabegani, leo akiwa mpelelezi, kesho mlevi, keshokutwa nahodha wa meli ya vita, na mtazamaji akamkubali kote. Maelezo hayo hayatoshi kwa Hollywood ya miaka ya 1930 hadi 1950. Stelingi wa enzi hizo hakuruhusiwa kupotea ndani ya uhusika, maana watu walikata tiketi kumwona yeye, sura na sauti waliyoizoea.

Studio, yaani kampuni za kutengeneza filamu, nazo zilikuwa na mkono wake. Warner Bros., MGM na wenzao waliwafunga waigizaji kwa mikataba ya miaka hadi saba. Ukikataa filamu uliyopangiwa, unasimamishwa bila mshahara, na muda huo unaongezwa mwishoni mwa mkataba. Sura ikishauza kwa aina moja ya filamu, inarudishwa humohumo mpaka watu waichoke.

Humphrey Bogart ndiye mfano ninaoupenda. Mwaka 1936 aliigiza jambazi Duke Mantee katika The Petrified Forest, uhusika aliokwisha kuucheza jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York. Akaupatia mno. Basi Warner wakamfanya jambazi wa kudumu, mara nyingi yule anayepigwa risasi kabla filamu haijaisha. Mwaka 1939 wakampa The Return of Doctor X, awe maiti aliyefufuliwa anayehitaji damu ya watu ili aendelee kuishi. Heri ujambazi! Bahati ilimjia 1941, pale mwigizaji George Raft alipoikataa The Maltese Falcon na Bogart akapewa nafasi ya mpelelezi Sam Spade. Mwaka uliofuata ikaja Casablanca.

Ukizitazama filamu zake bora kwa kufuatana, utaona karibu zote zimejengwa juu ya tabia moja: mtu asiyemwamini mtu. Kwa Spade tabia hiyo ni akili ya kazi. Kwa Rick wa Casablanca ni kidonda cha mapenzi. Halafu 1948, katika The Treasure of the Sierra Madre, inageuka wazimu. Dobbs, mchimba dhahabu aliyeota ndevu na kuchakaa, ameshawishika kwamba wenzake wanataka kumwibia. Usiku kando ya moto anacheka peke yake, anajitaja kwa jina lake kamili kama vile anamsema mtu mwingine. Sauti ni ileile iliyowapendeza watu Casablanca, ila sasa inatisha. Mwaka 1954, katika The Caine Mutiny, ni nahodha Queeg kizimbani: anapobanwa na maswali anatoa gololi za chuma mfukoni, anazizungusha kiganjani huku akieleza habari ya stroberi zilizopotea melini. Mahakama nzima imenyamaza, naye hajui kwamba anajimaliza mwenyewe.

Huo ndio upana uliotakiwa wakati ule. Sura ileile, tabia ileile, inapelekwa mahali ambapo mtazamaji hakutarajia. Kwa maoni yangu ni kazi ngumu kuliko kubandika pua ya bandia, kwa sababu mwigizaji hana pa kujificha.

Kuna filamu moja inayotoka nje ya mstari huo, nayo inatugusa huku kwetu. The African Queen (1951) ilipigwa kwa sehemu Kongo ya Wabelgiji na Uganda, na kisa chake ni cha Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Meli ya kivita ya kisa hicho mara nyingi hufananishwa na meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la MV Liemba. Bogart ni Charlie Allnutt, mwenye boti chakavu na chupa yake ya pombe, anayeiga milio ya viboko ili amchekeshe Katharine Hepburn, mwigizaji mwenzake. Kuna mahali anatoka majini ruba wamemganda mwilini. Anatetemeka kwa kinyaa, hawezi kujizuia. Kisha anatambua kwamba boti haitavuka matete yale bila kuvutwa, na anarudi majini. Hana bastola, hana jibu kali la mkato, ngao zote amevuliwa.

Uhusika huo ulimpa Oscar mwaka 1952, tuzo yake pekee. Mmoja wa aliowashinda ni Marlon Brando wa A Streetcar Named Desire, na Brando ndiye aliyebadilisha vipimo. Mwaka huohuo alikuwa mwanamapinduzi wa Meksiko katika Viva Zapata!, uso ukiwa umebadilishwa kwa vipodozi, na mwaka uliofuata akawa Mark Antony katika Julius Caesar ya Shakespeare. Siku hizi tukimsifu mwigizaji kwamba amevaa uhusika, kwa kawaida tunampima kwa kipimo cha Brando, kiasi alichojibadilisha, na kwa kipimo hicho Bogart huonekana kama alikuwa akijiigiza mwenyewe tu.