Mchakamchaka kama kipimo cha ukali wa zoezi

Walimu wa michezo wa shule za msingi hapa Tabora huniuliza zaidi kuhusu vifaa: mipira, neti, saa ya kupimia mbio. Vifaa vina umuhimu wake, lakini swali ambalo ningependa litangulie ni hili: katika kipindi cha dakika 40, kila mwanafunzi amekuwa kwenye mwendo kwa dakika ngapi, na mwendo huo ulikuwa mkali kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa siku wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kiwango cha kati hadi kikali. Darasa la wanafunzi 80 wenye mpira mmoja, ambapo 22 wanacheza na waliobaki wanashangilia chini ya miembe, haliwasogezi wengi wao kwenye kiwango hicho, hata kama shangwe zenyewe zinampendeza mwalimu mkuu.

Kipimo cha ukali tunacho tayari, nacho ni mchakamchaka. Wataalamu wa mazoezi hutumia kanuni nyepesi: anayefanya zoezi la kiwango cha kati anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na anayefanya zoezi kali hutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Kwa kuwa mbio zetu za asubuhi huendeshwa kwa wimbo, kiongozi akianzisha na kundi likiitikia, mwalimu anayekimbia ubavuni mwa mstari anaweza kuisikia pumzi ya darasa zima kwa mara moja. Hata hivyo, kiitikio cha maneno mawili kinachoangukia kwenye hatua ya mguu wa kushoto hakipimi chochote, kwani mtoto anaweza kukitamka hata akiwa hoi. Ndiyo maana nashauri kwamba, baada ya dakika tatu au nne, kiongozi abadilishe na kuchagua wimbo wenye ubeti mrefu unaoimbwa na wote kwa pamoja. Ubeti ukitoka mzima hadi mwisho, mwendo bado ni mwepesi. Ukikatika katikati na kumaliziwa na wachache, wamefika kiwango cha kati au wamekivuka. Walio kimya kabisa ndio wa kuangaliwa usoni, kwa sababu kimya hicho kinaweza kuwa uvivu wa kuimba tu, njaa ya mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa chai, au kifua kinachobana.

Mwenye shaka na ahakikishe kwa mapigo ya moyo: kidole cha shahada na cha kati viwekwe kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mapigo yahesabiwe kwa sekunde 15, kisha jumla izidishwe kwa 4. Kuhesabu kuanze mara tu wanaposimama, maana mapigo ya mtoto hushuka haraka akipumzika. Wanafunzi wa darasa la tano wanaliweza zoezi hili, na sijaona hesabu ya kuzidisha inayopokelewa kwa furaha kuliko hiyo.

Baada ya hapo kazi ni kuzuia foleni. Badala ya mechi moja kubwa, uwanja ugawanywe vipande, wanne wakabiliane na wanne, kwa mipira ya chandimu ambayo wanafunzi wenyewe huifunga kwa makaratasi, mifuko na kamba. Wengine wacheze rede au waruke kamba, kisha wabadilishane. Kuruka kamba kusidharauliwe kama mchezo wa wasichana: mguu unapotua mara kwa mara, mifupa huimarika, na wavulana wanaojiona mahodari wa mpira mara nyingi ndio wa kwanza kujikwaa.

Jambo linaloniudhi ni kichurachura. Kama zoezi la mapaja ni zuri, likifanywa kwa marudio machache na miguu ikitua kwa utaratibu. Lakini mtoto aliyezoea kurushwa kichurachura kwa kuchelewa namba amekwisha kufundishwa kwamba kutumia mwili wake ni adhabu, na mwalimu wa michezo anakuja kuyafumua hayo kwa dakika 40 tu.

Kuhusu saa, Tabora iko kwenye uwanda wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za kupendeza, ila Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kuanza, jua la mchana ni kali. Miezi hiyo kipindi cha michezo kinafaa kuwa kabla ya saa nne asubuhi, ingawa najua mwalimu wa Hisabati naye anazitaka saa hizo hizo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu), kwa hiyo mwalimu aulize wazazi mapema, na mtoto mwenye ugonjwa huo ashiriki kwa kiasi chake, akiwa huru kusimama, kukaa kivulini na kunywa maji bila kuomba ruhusa.