Texas hakuna IGP

Wiki hii nimeletewa tena barua ya malalamiko, imeandikwa kwa adabu zote, inakwenda kwa Mkuu wa Polisi wa Houston. Anayelalamikiwa ni askari wa ofisi ya konstebo. Barua hiyo haitafika popote, na inaniuma kwa sababu malalamiko yenyewe ni ya kweli.

Ndugu zangu, huku hakuna IGP. Hakuna mkubwa mmoja ambaye ukimfikia yeye, amri itashuka mpaka kwa askari aliyekuonea. Polisi wa jiji ni wa jiji. Kaunti ziko 254, na kila moja ina sherifu wake wa kupigiwa kura kila miaka 4. Meya hamwamrishi, gavana hakumteua. DPS, idara ya usalama wa umma, ni ya jimbo, na Texas Rangers, askari wapelelezi wa jimbo, wamo ndani yake tangu 1935. TCOLE, tume ya jimbo inayosimamia leseni za askari, huwapa wote hao leseni, lakini si bosi wa yeyote.

Anayetupoteza zaidi ni konstebo. Kwetu ni askari wa cheo cha chini kabisa, kwa hiyo mtu anatafuta inspekta wa kumshtakia. Huku konstebo ndiye mkuu wa ofisi yake: amechaguliwa na wananchi wa eneo lake na ana askari chini yake. Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, peke yake inao 8. Kazi yao ya asili ni kupeleka hati za mahakama na kutoa wapangaji kwenye nyumba kwa amri ya korti, lakini hapa Harris wanapiga doria, wanasimamisha magari na kukamata watu, na ipo mitaa inayochangia gharama ya doria hiyo kwa mkataba.

Sasa soma tiketi yako, ile karatasi ya kosa uliyoandikiwa na askari. Ya polisi wa Houston inakwenda mahakama ya jiji. Ya konstebo, sherifu au DPS kwa kawaida inakwenda kwa JP (Justice of the Peace), hakimu wa eneo lilikotokea kosa. Ukiipeleka ya konstebo mahakama ya jiji, karani atakwambia jina lako halimo. Utarudi nyumbani unamshukuru Mungu, kumbe kwa JP tarehe inapita na hati ya kukukamata inaweza kutolewa.

Jela nayo ni hivyo hivyo. Ukikamatwa na polisi wa jiji, utalala kwenye jela ya sherifu. Kama pingu zilikuumiza, lalamika jijini; kama ni mambo ya selo, lalamika kwa sherifu. Iwe kwa maandishi na utie sahihi mwenyewe, sheria inataka hivyo. Simu ya shemeji haihesabiki.

Vitabu vinasema sherifu na konstebo wanawajibika kwa wapiga kura. Jibu hilo halijawahi kuniridhisha. Wengi wanaokuja kwangu hawajapata uraia, kura hawana. Njia inayobaki ni kufungua kesi mahakama ya shirikisho, kesi ndefu, ya gharama, na nyingi hugonga ukuta wa kinga ya askari kabla hata ya ushahidi kusikilizwa.